Fungu la Nyumbani

London,
Jumapili, wiki ya pili baada ya Idi

Kwa dada yangu Mwanaidi binti Salum,

Shikamoo dada. Marahaba yako itachukua wiki tatu kunifikia, lakini mimi nimeshaisikia, na ule mguno wa kabla yake nimeusikia pia. Hujambo? Magoti je, na lile jicho la kushoto? Mimi sijambo kwa namna ya watu wazima, yaani natembea, nakula, na nikilala naamka. Tumshukuru Mungu kwa hayo, mengine nitakueleza.

Barua yako imefika Jumanne. Nilipoiona bahasha nilidhani imepotea njia, maana mwandiko wa Shabani naujua na huu haukuwa wake. Herufi kubwa, nyingine zimeinama, nyingine zimeachana kama watu waliogombana. Nikaifungua nimesimama, koti bado mwilini. Mistari minne tu. “Omari ndugu yangu. Mimi Mwanaidi naandika mwenyewe. Nimechoka na moshi. Fungu langu lipo au halipo, nijibu wewe, nitasoma mwenyewe.” Nikakaa kitandani nikaisoma tena na tena mpaka chai ikapoa.

Shabani alikuwa ameniandikia kwa mzaha kwamba shangazi yake siku hizi anakwenda kisomo cha watu wazima jioni, na kibao mkononi, anagombana na mwalimu. Nikacheka, nikasahau. Sikujua kuwa ulikuwa unakwenda kwa ajili yangu. Miaka yote hii barua zako zimepita mkononi mwa huyo Shabani, kijana wa marehemu kaka yetu, na zangu zimesomwa barazani, Bi Tatu jirani akisikiliza, na mke wa muuza mkaa akisikiliza, na anayepita akisimama kidogo. Mtu hawezi kusema la moyoni katika barua ya namna hiyo. Hii ya leo ni yako peke yako. Naandika kwa herufi kubwa na kuacha nafasi. Ukichoka iweke chini, unywe maji, kisha urudi.

Nikujibu kwanza usije ukahangaika. Fungu lako lipo, dada. Lipo lote. Ila halipo mahali unapodhani lipo, na langu mimi halipo.

Sasa nikueleze toka mwanzo, maana mengine nilikuficha.

Unakumbuka nilipokuja likizo ile, na suti, na redio ya betri. Nilikaa barazani siku tatu nikisema. Sasa nikikumbuka natamani mtu angenipa jembe siku ya tatu, kama mgeni yeyote. Nilisema kwamba pale ninapopika, katika ofisi ya madalali wa hisa, sisi watumishi nasi tumeruhusiwa kuweka sehemu ya mshahara katika hisa, iwe akiba yetu ya uzeeni. Nikasema fedha ile inakua yenyewe. Watu wakaitikia, “Enhe.” Wewe hukuitikia. Ulikuwa unachambua mchele, ukasema, “Inakua kwa kula nini?”

Nikakujibu kwa mfano wa minazi. Wewe una minazi minne katika shamba la mjomba kule Kerege. Ardhi yake, minazi yako, nazi zikiangushwa analeta zako. Nikasema hisa ni hivyo hivyo, una minazi yako michache katika shamba la watu wakubwa, na gawio ndizo nazi zako. Na kwa kuwa ni shirika, faida pamoja na hasara, si riba. Hilo la riba ndilo lililokutuliza. Usiku mmoja ulilala na jambo hili, asubuhi ukaniambia, “Basi fungu unaloniletea kila mwezi usilete. Liweke huko na lako. Mimi nina mikono.”

Ulikuwa na mikono. Ukaanza vitumbua.

Sikuuliza tena. Nilirudi huku nikafanya ulivyosema, na kila mwezi nililipeleka fungu lako kwa karani wa mishahara, mama mmoja wa makamo aitwaye Bi Hilda, akaliandika katika karatasi mbali na langu. Mwenyewe nilimwomba aandike mbali. “Hii ni ya dada yangu,” nikamwambia, “ni amana.” Neno amana nililitafuta kwa Kiingereza sikulipata lililotosha. Akaelewa hivyo hivyo.

Mwaka wa kwanza bei ilipanda kidogo, wa pili ikapanda zaidi. Halafu ukaja mwaka ule ambao kila mtu alikuwa tajiri. Dada, sijui nikuelezeje. Rudi kwenye mnazi. Mnazi ule ule, nazi zile zile, hata moja haijaongezeka. Leo fulani anaununua kwa bei ya ng’ombe mmoja. Kesho mwenzake anaununua kwake kwa bei ya ng’ombe wawili. Keshokutwa watatu. Ukimuuliza huyu wa watatu kwa nini, hasemi habari ya nazi, anakwambia, “Kwa sababu mwezi ujao utakuwa wa wanne.” Hanunui nazi tena. Ananunua matumaini kwamba yuko mtu nyuma yake mwenye fedha nyingi na akili chache. Na kila siku mtu huyo alikuwa akitokea.

Mimi sikuyajua haya kwa magazeti. Niliyajua kwa sahani.

Utacheka, lakini wewe ni mtoto wa mpishi kama mimi. Mabwana wale niliwapikia chakula cha mchana miaka kumi. Walipokuwa wanafanya kazi kweli walikula kama watu, sahani zikarudi nyeupe, mfupa umekwanguliwa. Mwaka ule wakaanza kuagiza vya fahari, kamba wakubwa, nyama ya paja, mvinyo wao ule, na chakula kikarudi jikoni hakikuguswa. Wanakata kipande kimoja, wanacheka, wanakimbilia simu. Nikawa natupa nyama ambayo kwetu Bagamoyo ingelisha mtaa. Mkono wangu ulikuwa unakataa kuitupa. Nikasimama na sahani ile, nikamsikia Mama.

Unaikumbuka harusi ya Fukayosi? Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, wewe ulikuwa umeshakua unamsaidia Mama kusonga na kupakua. Popote Mama alipoitwa kupika, iwe Msata, iwe Kerege, iwe mjini kwetu, alikuwa na desturi moja. Chungu kikishaiva, kabla mgeni hata mmoja hajanawa, alitoa fungu la wa nyumbani akalifunika kwa kawa, akaliweka chumba cha ndani. La bibi wa bi harusi, la wanaochota maji, la yule atakayechelewa. Ndipo akasema, “Haya, wakaribisheni.” Watu walimsema ni mchoyo. Yeye hakujali.

Siku ile Fukayosi baba wa bi harusi alimzuia. Ng’ombe wawili walikuwa wamechinjwa, wali masufuria hayahesabiki. Akamwambia, “Bi mkubwa, leo nipe heshima yangu. Chakula hiki utakificha cha nini? Watu wataniona sina.”

Mama akamjibu, “Bwana, fungu la nyumbani hutolewa chungu kikiwa kimejaa, hakuna anayeliona. Kikishafika nusu, kila kijiko kina macho.”

“Leo hakitafika nusu.”

Mama akaiweka kawa kando, kwa kuwa shughuli ilikuwa ya mtu. Basi wakaja watu wa Fukayosi, na jamaa zao, na waliosikia ngoma wakiwa njiani. Alasiri bibi wa bi harusi, kizee kisicho na meno, alitoka chumbani kwake akauliza kama kuna chochote. Mama akakwangua sufuria. Akampa ukoko. Nakumbuka yule bibi aliuloweka kwa maji ili aweze kuutafuna. Njia nzima ya kurudi wewe ulinikanya nisiimbe.

Basi nikaiweka sahani chini, nikaenda kwa Bi Hilda na aproni yangu. Nikamwambia nataka kulitoa fungu la dada yangu, lote, aliuze leo.

Akavua miwani. “Bwana Omari, wote katika jengo hili wananunua. Hata mimi nimenunua. Wewe unauza?”

“Ninauza la dada.”

“Kuna habari umeisikia huko mezani?”

“Sikusikia habari. Nimeona sahani.”

Hakuuliza zaidi. Wazungu wakiona mtu mweusi amesema jambo wasilolielewa hudhani ni dini. Akaniandalia karatasi nikatia sahihi. Fedha yako nikaipeleka benki ya posta, ile ya watu wadogo, ambapo haipandi kwa ng’ombe wala haishuki. Sikukwambia. Barazani kwetu pale ingesomwaje? “Omari ameitoa fedha ya dada yake kwenye utajiri akaitia kwenye kopo.”

Kumbe ningekwambia. Maana haikupita miezi miwili ikaja barua ya Shabani kwa jina lako. “Shangazi anasema usitoe chochote, bali uongeze, maana amesikia kwamba bei inapanda.” Nikaisoma nikaona aibu. Nikasema dada yangu ana moyo kuliko mimi. Na bei kweli ilikuwa bado inapanda. Kila Ijumaa Bi Hilda alinionyesha fungu lako lingefika wapi kama ningeliacha, si kwa ubaya, ni kwa kunihurumia. Wafagizi wakanicheka. Yule bawabu wa mlangoni, ambaye hajawahi kunisalimia, akaniita mwenye busara, mbele ya watu, wakacheka wote. Mara moja niliifikia barabara ya posta nikiwa na kitabu cha benki mfukoni, nikitaka kuitoa fedha yako niirudishe kule. Kulikuwa na foleni ndefu. Magoti yaliniuma nikarudi. Nakwambia kweli, haikuwa busara iliyokuokoa siku ile, yalikuwa magoti.

Sasa katika mistari yako minne sikuona neno “ongeza.” Nimeona kwamba umechoka. Na pembeni, pale ulipogeuza karatasi kwa kukosa nafasi, umeandika, “Nilikwambia mwaka juzi pia.” Dada, mwaka juzi sikuambiwa. Niliyoambiwa ni hayo ya kuongeza. Nafikiri ulimwambia Shabani aandike moja, naye akaandika jingine. Usimkaripie sana. Alikuwa na ndoto ya kununua sehemu ya lori na wenzake wa Msata, alidhani fungu likinona shangazi atamkumbuka. Tamaa yake haikuzidi yangu, na mimi nina mvi.

Nifike basi kwenye yangu, nimezunguka vya kutosha.

Utauliza, na una haki, kwa nini mtu aliyeziona sahani hakulitoa na fungu lake. Nimejiuliza hilo kila siku kwa miaka miwili, nikiwa kwenye basi, nikiwa namenya viazi. Lako lilikuwa amana, niliogopa kuulizwa na Mungu. Langu hakuna wa kuniuliza. Nilitaka nyumba ya mawe yenye bati jipya na dirisha la vioo, nipite mtaani watu waseme yule ndiye Omari. Nikajiambia ngoja mwezi mmoja. Na kuna jingine, ambalo nimelijua juzi tu baada ya barua yako. Mama alikuwa akiwatolea wa nyumbani. Mimi nimekaa mbali miaka mingi hata nikajihesabu katika wageni. Mgeni hatolewi fungu. Mgeni hukaa mkekani akala mpaka sufuria linapokwisha.

Bei ilipoanza kushuka haikuanguka kwa kishindo, ingalianguka hivyo ningalikimbia. Ilishuka kidogo, ikapanda kidogo, ikashuka zaidi. Kila iliposhuka mabwana walisema imefika chini. Nami nikasema nitauza ikirudi pale ilipokuwa mwezi uliopita. Haikurudi. Ikaja habari ya mafuta kupanda bei, ukaja ule wakati wa umeme kukatwa tukipika kwa kandili, jengo zima baridi, na bado nikasema nitangoja. Chungu kilikuwa kimefika nusu, kila kijiko kina macho, nikaona haya kuondoka na nusu. Wanasema akiba haiozi. Hawakuiona yangu.

Sahani zikaanza kurudi nyeupe tena. Halafu sahani zenyewe zikapungua. Mabwana wakaja na mkate wao katika karatasi. Mwezi wa nane jiko likafungwa, tukashukuriwa, tukapewa kila mtu mkono. Bi Hilda alinipa karatasi ya mwisho ya fungu langu akiwa ameikunja, asinitazame usoni wakati wa kuisoma. Lake nalo limekwenda. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu, akae na dada yake kando ya bahari.  Nikampikia pilau, nikampelekea kwake katika kopo.

Kilichobaki katika langu kinatosha tiketi ya kurudi na shati la kushukia. Uzee hakiutoshi.

Kwa hiyo sasa napika hospitalini, upande wa mashariki wa mji. Naingia saa kumi na moja alfajiri, uji wa shayiri, viazi vya kuponda, samaki asiye na chumvi kwa wagonjwa wa moyo. Msimamizi ni kijana ananiita “baba,” basi hilo silo baya. Ukungu wa huku umeniingia mifupani. Ramadhani hii nilifunga peke yangu chumbani, nikafuturu tende ambazo Mpakistani wa ghorofa ya chini huniletea. Siku ya Idi nilikwenda kazini. Mgonjwa mmoja mzee alinishukuru kwa uji akidhani mimi ni daktari. Nimechoka, dada. Sijui kama nimewahi kukuandikia neno hilo. Wewe umeanza, nami nimepata ruhusa.

Habari za fungu lako sasa, usikilize vizuri. Fedha nimeitoa posta na nimeipeleka huko kwenu kwa njia ya benki. Utaitwa kwa barua kutoka tawi lao. Nenda na Bi Tatu, usiende na Shabani. Karani atakusogezea wino ule wa dole gumba, mwambie hapana. Omba kalamu. Andika jina lako kama ulivyoliandika chini ya barua yangu, na lile M lenye miguu mirefu, watangoja. Usiitoe yote. Toa ya kuezekea bati upande wa mvua na ya kumlipa daktari wa macho, nyingine ikae pale pale. Watakuja watu na maneno. Atakuja wa lori, atakuja wa duka la ushirika, atakuja mjomba wa Kerege kukwambia kwamba minazi ya jirani inauzwa na kila mtu anainunua. Ukisikia kila mtu anainunua, mwulize kama nazi zimeongezeka. Akisema hapana, mpe kahawa mwage kwaheri.

Sikudanganyi kwamba fungu ni kubwa kama baraza ilivyosema. Ni kile ulichoweka, na ongezeko la ile miaka ya kwanza. Vitu vimepanda bei huku na huko, nasikia unga wenyewe mnapanga foleni na ni wa njano, basi haitanunua kile ambacho ingalinunua mwaka ule. Lakini itakulisha. Nimepiga hesabu ya mpishi, si ya dalali, na itakulisha mpaka Mungu atakapopenda.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine ndogo nimeikunja. Ni hawala ya ile nyongeza ya benki ya posta, ya miaka miwili. Ni riba, sikuweza kuizuia, walikuwa wanaitia tu. Sikuigusa wala sikuichanganya na yako. Mwulize mwalimu wa chuo cha Kurani itumike wapi. Akisema iende kwenye choo cha madrasa iende huko.

Na mimi je, nakuja lini? Nilisema mwaka huu. Nilikwishawaandikia na majina ya watu wa kunipokea. Nisamehe, sitakuja mwaka huu, wala ujao. Msimamizi anasema nikikaa hapa miaka mitatu nitapata kiinua mgongo kidogo cha hospitali, hicho hakina hisa, nimeuliza mara mbili. Nitakaa. Barazani waambie Omari ameongezewa mkataba, si uongo. Habari ya nyumba ya mawe wakiuliza, sema hujui. Chumba cha nyuma, kile cha makumbi ya nazi, kikipigwa chokaa kinanitosha.

Nina neno moja la kukuomba, na kama uliwahi kunisikiliza nikiwa mdogo wako, nisikilize leo. Kile kikaango cha vitumbua mpe binti wa Bi Tatu, mwenye macho mazima na mume asiyeonekana. Mpe na kisu chake na upawa. Miaka sita umekaa katika moshi wa makumbi kwa ajili ya neno nililolisema nikiwa na suti mpya. Hilo sitaweza kukulipa na wewe hutalidai, najua. Lakini alfajiri ya kesho yake baada ya kuisoma hii, usiwashe moto. Lala mpaka jua lifike kwenye mkeka. Mimi saa hiyo nitakuwa nimeshawasha wangu, moto mmoja watutosha.

Nisalimie Bi Tatu jirani yako, mwambie masikio yake yatapumzika sasa. Nisalimie mjomba wa Kerege na mkewe mdogo, na shangazi aliyebaki Fukayosi kama bado anatambua watu. Mwalimu wako wa kisomo mpe salamu za pekee, mwambie nimeisoma kazi yake na nimekuta kosa moja tu, hiyo miguu mirefu ya M, nalo nimelipenda. Shabani mwambie ami yake hana hasira, na kwamba kuanzia leo ataniandikia barua zake mwenyewe.

Ukipakua chakula cha Idi ijayo, na hiyo nyingine, na ya tatu yake, usinisubiri. Kula dada, kula ushibe. Ila chungu kikiwa bado kimejaa, nitolee kidogo, unifunikie.

Mimi mdogo wako niliyechelewa,
Omari bin Salum